Steringi Anapokufa Kwenye Lifti: Uchambuzi wa Kisa cha Yan na Ming

Sheria ya kibanda umiza, banda letu la kuonyeshea video, ilikuwa moja, na kila mtoto wa mtaani kwetu aliijua kabla hajaijua tebo ya saba: steringi, shujaa wa filamu, hafi. Anaweza kupigwa mpaka damu imtoke puani, anaweza kutupwa mtoni, anaweza kufungwa kamba kwenye kiti huku adui akimpulizia moshi wa sigara usoni, lakini hafi. Tulilipa shilingi 100, tukabanana kwenye mabenchi chini ya bati lililowaka kama kikaango, tukavumilia jasho la jirani, kwa sababu ya uhakika huo tu.

Siku mtafsiri wetu alipoweka filamu ya Hong Kong ambayo kava lake la Kiingereza lilisema Infernal Affairs, alishika maiki akatutambulisha kama kawaida yake: "Wazee, huyu mwenye suti ndiye steringi." Dakika kumi baadaye akakohoa. "Samahani kidogo, steringi ni yule mwenye ndevu. Huyu wa suti ni adui." Tukapokea. Ilipofika nusu saa akasema wote wawili ni polisi, kisha akasema wote wawili ni majambazi, kisha akanyamaza kabisa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kibanda kijengwe. Mtu mmoja nyuma akadai arudishiwe mia yake.

Nimeitazama tena mara nyingi tangu siku ile, safari hizi kwa maandishi ya chini ya picha, na ninazidi kuamini kwamba mtafsiri hakukosea. Filamu ile ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Andrew Lau na Alan Mak, imetengenezwa ili mtu apotee pale pale alipopotea yeye.

Kisa chenyewe, kwa ambaye hajaiona. (Na kama unapanga kuiona usiku huu, ishia hapa, nitamwaga kila kitu.) Bosi wa genge la unga anayeitwa Hon Sam anawakusanya vijana wake wasio na rekodi yoyote polisi, anawapa maneno mawili matatu ya kuwatia moyo, anawatuma wakajiunge na chuo cha polisi. Mmoja wao ni Lau Kin-ming. Wakati huo huo, ndani ya chuo hicho hicho, wakubwa wa polisi wanamchagua kuruta mwenye macho makali kuliko wenzake, Chan Wing-yan, wanamfukuza mbele ya kadamnasi kwa kisingizio cha utovu wa nidhamu, halafu wanampandikiza kwenye magenge. Miaka kumi inapita. Ming sasa ni Inspekta mwenye nyota inayong'aa, mwenye mchumba na nyumba mpya. Yan sasa ni mtu wa karibu wa Sam, ana rekodi ya makosa, halali usingizi wa kueleweka. Kila upande una shushushu ndani ya upande wa pili, na usiku mmoja pande zote mbili zinagundua hilo kwa mpigo.

Nitawaita Yan na Ming tu. Mhusika anaitwa Lau, aliyemwigiza ni Andy Lau, na mmoja wa waongozaji ni Andrew Lau. Nikianza kutumia majina ya ukoo hapa tutaishia kama mtafsiri wangu. Yan ni Tony Leung Chiu-wai.

Watu wengi huisimulia filamu hii kama mchezo wa akili, nani mjanja zaidi ya nani. Mimi naiona zaidi kama kisa cha mashahidi. Siri ya Yan inajulikana na watu wawili tu duniani: Mrakibu Wong, anayemwongoza, na Yip, mkuu wa chuo aliyemchagua. Yip anafariki mapema. Yan hawezi hata kwenda mazikoni. Anasimama kando ya barabara, msafara unapita, na mahali ambapo hakuna anayemwona anapiga saluti. Kuanzia hapo ukweli wote wa maisha ya mtu huyu umebaki kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo anavuka barabara kila siku, anapanda lifti, ana maadui. Ming naye ana siri, lakini uongo wake una karatasi. Ana cheti cha chuo, ana kitambulisho, ana cheo, ana ofisi yenye jina lake mlangoni. Ukienda kaunta kuuliza nani kati ya hawa wawili ni polisi, faili litamtaja Ming, na Yan atatajwa kwenye orodha ya washitakiwa.

Sisi tulioishi kwa kuambiwa "leta barua ya mtendaji kwanza" tunalielewa hili bila kufundishwa. Mtu mwongo mwenye mhuri huhudumiwa kabla ya mkweli asiye na mhuri.

Yan analalamika juu ya hili katika maneno ambayo Hong Kong yote inayajua kwa moyo. Wanakutana na Wong juu ya paa la ghorofa, na Yan anamkumbusha kwamba makubaliano yalikuwa miaka mitatu. Ikaja mitatu mingine, kisha mitatu mingine tena, na sasa inakaribia kumi. Leung anayasema kwa sauti ya fundi anayedai malipo kwa mara ya nane, ambaye ameshachoka kukasirika.

Sasa usiku wenyewe. Sam anapokea mzigo wa kokeini kutoka kwa Wathailand. Yan yumo chumbani pamoja na genge. Wong yuko kwenye chumba cha polisi, amevaa hedifoni. Ming yuko chumba hicho hicho cha polisi, hatua chache kutoka kwa Wong, ameketi mbele ya mitambo. Yan hawezi kusema neno wala kupiga simu. Anachofanya ni kusogea dirishani na kugonga kioo kwa kidole, taratibu, kama mtu aliyechoka kusubiri. Ni alama za Morse, mapigo mafupi na marefu yanayosimama badala ya herufi. Sisi tunaona kidole, tunaona kioo, tunaona uso ambao hausemi chochote. Kule ng'ambo Wong anaandika kwenye karatasi. Kidole kimoja ndiyo njia nzima ya mawasiliano kati ya Jeshi la Polisi na ukweli.

Na Ming anatazama. Anatafuta mawimbi, anaelewa kwamba habari inatoka ndani ya chumba cha Sam, na anapeleka onyo kwa simu ya mkononi. Sam anasoma, anaamuru mzigo utupwe baharini. Polisi wanavunja mlango wanakuta watu wanakula.

Mwongozaji mwingine angeweka hapa kufukuzana kwa magari, tairi zilie, maduka ya matunda yavunjwe. Hapa hakuna. Dakika nyingi zinapita kwa watu waliokaa, wakigonga, wakisikiliza, wakibonyeza. Kibandani tuliguna, tulitaka ngumi. Leo naona ndiyo sehemu ya kutisha zaidi, kwa sababu wanaume wawili wanapigana vita ya kuuana kwa vidole, hawajuani, na kila mmoja akikosea pigo moja la kidole amekwisha.

Baada ya hapo Sam anafikishwa kituoni na kuketi ana kwa ana na Wong, meza katikati, watu wa pande zote mbili wakisikiliza. Sam anakula chakula cha kununua kama mtu aliyekuja harusini. Wong anamsimulia kisa cha wagonjwa wawili wanaosubiri figo, na figo iliyopo ni moja. Wanaamua kucheza: kila mmoja anaweka karata mfukoni mwa mwenzake, na atakayebashiri karata iliyo mfukoni mwake mwenyewe ndiye apewe figo. Sam anaelewa mara moja. Kila mmoja ameweka kitu mfukoni mwa mwenzake, na sasa wote wanajua. Sam anapoteza uvumilivu, anakisukuma chakula chote kikaanguka sakafuni. Kituo kizima kinasimama. Na kati ya waliosimama, upande huu yupo Yan, upande ule yupo Ming, karata zenyewe, wanatazamana bila kujua.

Kinachofuata kina kejeli ambayo hata msimulizi wa hadithi za Abunuwasi angejivunia. Jeshi linahitaji mtu safi wa kumtafuta msaliti, na aliye safi kuliko wote kwenye makaratasi ni Ming. Anapandishwa kwenda kitengo kinachowachunguza polisi wenyewe. Serikali inamlipa mshahara ajitafute. Upande wa Sam nako wanasaka. Keung, jambazi mwenye roho nyepesi anayempenda Yan kama kaka, anamfundisha Yan namna ya kumtambua polisi: ukimwona mtu anafanya jambo lake huku macho yake yanakutazama wewe, basi huyo ndiye. Anayaongea haya kwa Yan! Na Yan anatikisa kichwa kama mwanafunzi.

Sam anaamua kukusanya taarifa za watu wake wote, namba za vitambulisho na akaunti, zitiwe kwenye bahasha apelekewe Ming azipitishe kwenye mitambo ya polisi. Juu ya bahasha Keung anakwama tahajia ya neno, na Yan analiandika kwa mkono wake. Jambo dogo. Unaweza kulipita ukiwa unachambua karanga. Lakini Sam na Ming wanakutana kwenye ukumbi wa sinema gizani kukabidhiana bahasha, Yan anawafuatilia, anamwona mtu wa polisi kwa mgongo tu, anamfuata kwenye ujia mwembamba, na bado hatua chache tu auone uso wake. Simu ya Yan inalia. Ming anageuka. Hakuna mtu.

Kibandani pale tulipiga kelele hadi mwenye kibanda akaingia.

Kisha Wong anakufa. Anakutana na Yan juu ya ghorofa, watu wa Sam wanapata habari na wanafika. Wong anamtoa Yan kwa kitoroli cha wasafisha vioo, ukutani, naye anashuka kwa lifti moja kwa moja mikononi mwa genge. Yan anazunguka hadi mbele ya jengo, na hapo mwili wa Wong unaanguka kutoka juu ukatua kwenye paa la teksi mbele ya macho yake. Anthony Wong, aliyemwigiza mrakibu huyu, alipata tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa Hong Kong, na ingekuwa mimi ningempa kwa jinsi alivyomzoesha mtazamaji sura yake ya ukali wenye huruma, kiasi kwamba paa la teksi linapobonyea tunaumia sisi.

Tazama lakini anachofanya Leung. Genge liko pale. Akilia, amejitaja. Akikimbia kumshika, amejitaja. Anasimama. Kamera inamkaribia, na uso ule unafanya mambo mawili kwa pamoja: unaachia na unazuia. Aliyekufa pale ni bosi wake, rafiki yake, na pia cheti chake cha kuzaliwa. Hakuna mwingine aliye hai anayeweza kusema "huyu ni wa kwetu." Risasi zinafyatuka, Keung anamvuta ndani ya gari na wanaondoka, na Keung mwenyewe ana risasi mwilini. Anakufa kwenye usukani huku akimweleza Yan, kwa maneno ya mzaha, kwamba walipouliza Yan yuko wapi yeye hakumtaja. Mtu wa kwanza kumfichia Yan siri bila kulipwa na serikali alikuwa jambazi.

Nikae kidogo kwa wanawake wa filamu hii, maana waandishi wengi huwapita. Wako pembeni, ni kweli, na mmoja anaitwa kwa kazi zaidi kuliko kwa jina. Lakini kila mmoja anashika kipande cha uongo ambacho wanaume hawakioni. Daktari Lee ni mtaalamu wa akili ambaye Yan amelazimishwa kumwona. Anachofanya Yan pale ni kulala usingizi kwenye kochi, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo hakuna atakayemchinja. Siku moja anamwambia ukweli mtupu, kwamba yeye ni polisi. Daktari anacheka, anamjibu kwamba hata yeye. Miaka kumi ya siri, na ilipotoka ikapokewa kama utani. Mary, mchumba wa Ming, ni mwandishi. Anaandika riwaya ya mtu mwenye nafsi 28, na hajui kama mhusika wake ni mtu mwema au mbaya. Anamwuliza Ming maoni, maskini.

Na yupo mama mmoja ambaye Yan anakutana naye barabarani, mpenzi wa zamani, ameshika mkono wa binti yake. Yan anauliza mtoto ana miaka mingapi. Mama anajibu mitano. Wanaagana, Yan anaondoka, na yule mtoto anamwambia mama yake, ila mimi nina miaka sita. Yan hakusikia. Sisi tumesikia. Filamu hairudi tena hapo, haielezi, wala haihitaji kueleza. Mwaka mmoja uliopunguzwa unatosha. Katika kisa kilichojaa makachero waliobobea, uongo uliofanikiwa kuliko wote umesemwa na mama mzazi, kwa sekunde mbili, kumlinda mtoto.

Turudi kwa Ming. Baada ya Wong kufa, Ming anaichukua simu ya marehemu na kumpigia yule shushushu asiyemjua. Wanashirikiana, bila kuonana, kumnasa Sam. Kwenye maegesho ya magari Ming anamwua Sam kwa mkono wake. Ofisini anapigiwa makofi. Hapa ndipo watazamaji hugawanyika. Wapo wanaosema Ming amebadilika, ameamua kuwa mtu mwema. Mimi sikubali, au nakubali nusu. Anataka wema, hilo ni kweli. Andy Lau amelicheza vizuri, lile tamanio liko machoni. Lakini anautaka kama mtu anayetaka kuvaa kanzu mpya bila kuoga. Kumwua Sam ni toba, sawa, na pia ni kumwondoa shahidi wake. Hesabu ya mashahidi imegeuka: wa Yan amekufa, wa Ming naye amekufa. Sasa wote wawili ni chochote watakachosema wao wenyewe, isipokuwa mmoja ana kitambulisho.

Yan anakuja ofisini kwa Ming kurudishiwa jina lake. Anakaa. Ming anatoka kidogo kwenda kushughulikia faili. Mezani kuna bahasha, na juu ya bahasha kuna mwandiko wa Yan mwenyewe.

Mkono wake ndio uliomwambia. Si mtambo, si daktari, si mtoa habari. Ming anarudi, anakuta kiti kitupu, anaelewa. Anakaa mbele ya kompyuta na kulifuta faili la Yan. Ni mauaji ya kwanza ya Yan, na hayana damu wala mlio; kitufe kimoja tu kinabonyezwa, na askari wa miaka kumi anageuka kuwa mhuni aliyezaliwa mhuni.

Sasa niseme ninaloona ni kosa la Yan, maana uchambuzi usiomlaumu marehemu ni hotuba ya msibani. Yan ana ushahidi: Sam alikuwa akirekodi mazungumzo yake na Ming, na rekodi hizo zimefika kwa Yan. Anazitia kwenye CD. Angeweza kuipeleka kwa mkubwa yeyote wa polisi. Anaituma nyumbani kwa Ming, na Mary ndiye anayeisikiliza. Kwa nini? Miaka kumi ya kufanya kazi na mtu mmoja tu imemfundisha Yan kutomwamini mtu wa pili. Mfumo wa Wong, siri kwa mtu mmoja, ulimlinda Yan dhidi ya Sam na ukamnyima njia ya kurudi nyumbani. Aliyezoea mlango mmoja hata nyumba ikiungua ataukimbilia huo huo.

Mwanzoni mwa filamu kuna tukio nililolisahau kusudi niliseme hapa. Ming anaingia duka la redio kununua seti ya muziki. Anayemhudumia ni Yan. Hata hapo Yan si mwenye duka, ameshika tu nafasi. Anamchagulia waya, anambadilishia spika, wanaketi sambamba kwenye viti kusikiliza wimbo wa zamani wa Tsai Chin. Wanaume wawili, macho mbele, mikono magotini, kama wazee wa baraza wanaongoja taarifa ya habari. Hawafahamiani. Yan anajua muziki, Ming anajua kusikiliza. Ukiuliza ni wapi katika dakika 101 watu hawa wanaonekana wenye amani, ni pale tu, na kila mara ninapoiangalia huwa natamani wimbo usikatike.

Wanakutana tena juu ya paa, pale pale Yan alipozoea kukutana na Wong. Yan amemfunga Ming pingu, bastola iko kichwani. Ming anaomba nafasi: zamani hakuwa na uchaguzi, sasa anataka kuwa mtu mwema. Yan anamjibu akamweleze hakimu, aone kama hakimu atamruhusu kuwa mwema. Ming anasema hiyo ni kumtakia kifo. Yan anaomba radhi: yeye ni polisi. Na Ming anamwuliza, nani anajua hilo?

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Ming hamtukani, anataja hali halisi tu. Nani anajua? Wong amekufa, Yip amekufa, Keung aliyempenda amekufa, daktari alicheka, faili limefutwa.

Anatokea Inspekta B, mwenzake Ming kazini. Yan anamkokota Ming hadi kwenye lifti, mlango unafunguka, Yan anachungulia kidogo tu, na risasi moja inamwingia kichwani. Hakuna maneno ya mwisho. Mlango wa lifti unajaribu kufunga, unagonga mwili, unafunguka. Inspekta B anamfungua Ming pingu na kumweleza kwamba yeye pia alipandikizwa na Sam. Hata Ming hakujua. Wanashuka pamoja, lifti imefungwa, tunasikia milio. Chini mlango unafunguka na Ming anatoka peke yake, kitambulisho kimeinuliwa juu, akiwaambia askari wenzake kwamba yeye ni polisi.

Kibandani palikuwa kimya. Mtafsiri alisema "Ameuawa steringi," kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo redioni. Mtu akapaza: "Rudisha nyuma!" Akarudisha. Akafa tena.

Ukitaka kujua jinsi mwisho ule ulivyowakera wenye mamlaka na wenye fedha, angalia waliojaribu kuurekebisha. Kwa watazamaji wa China bara na Malaysia ulipigwa mwisho mwingine: Ming anatoka kwenye lifti, polisi wanamwambia ushahidi dhidi yake umepatikana, anakamatwa. Mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese alipoitengeneza upya mwaka 2006 kwa jina The Departed, kisa kikihamishiwa Boston, wanawake wawili, daktari na mchumba, wakaunganishwa kuwa mmoja, na mwishoni akaongezwa polisi wa kumfuata mwongo nyumbani kwake na kumpiga risasi. Ilishinda Oscar ya filamu bora, na mtangazaji wa sherehe akasema ukumbini kwamba asili yake ni filamu ya Kijapani. Filamu ya watu waliokosewa utambulisho, ikakosewa utambulisho.

Kule Hong Kong kwenyewe Ming anabaki hai na anaenda kwenye mazishi ya Yan, kwa sababu Daktari Lee amegundua kumbukumbu alizozificha Yip, na Yan anazikwa kama askari. Ming anapiga saluti. Kumbukumbu inaturudisha chuoni, siku Yan alipofukuzwa. Mkufunzi anawauliza makuruta kwa kejeli kama kuna anayetaka kubadilishana naye nafasi. Kijana Ming yuko mstarini. Moyoni anajibu kwamba anataka.

Jina la filamu kwa Kichina, Mou Gaan Dou, linatoka kwenye Ubudha: jehanamu ya chini kuliko zote, ile isiyo na mapumziko. Kabla ya majina ya waigizaji kupanda, maandishi kwenye skrini yanasema kwamba aliye ndani yake hafi, na kwamba kuishi muda mrefu ndiyo adhabu yenyewe kubwa. Wakati ule kibandani hayakutafsiriwa. Mtafsiri alikuwa ameshatoa mkanda. Nilipoyasoma miaka mingi baadaye nilicheka peke yangu sebuleni. Sheria yetu ya shilingi mia ilikuwa imeandikwa pale, neno kwa neno, ila imegeuzwa kuwa hukumu ya adui.

Wapo wanaosoma ndani yake kisa cha mji wenyewe. Yan na Ming wanaanza kazi bendera ya Uingereza ikipepea, na wanamaliza baada ya tarehe 1 Julai 1997, chini ya China. Miji michache imelazimika kujiuliza "mimi ni wa nani" kwa wingi kama huo. Sehemu ya pili, ya mwaka 2003, inalizungumzia hilo waziwazi. Mimi sisukumi sana tafsiri hiyo. Bahasha inanitosha.

Mwaka ule ule wa 2003 ilitoka sehemu ya tatu, inayokwenda mbele na nyuma ya kifo cha Yan, kwa hiyo Leung yumo. Ilipofika kibandani kwetu, Yan akatokea kwenye skrini akitembea mzima wa afya. Mtafsiri alisimama, akageukia mabenchi, mikono kiunoni. "Si niliwaambia? Steringi hafi." Tukampigia makofi, hata yule wa kudai mia.

Mwishoni mwa sehemu hiyo Ming, aliyejipiga risasi akashindwa kufa, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, macho hayatazami popote. Kidole chake kinagonga taratibu. Mtafsiri aliitazama picha hiyo kwa muda, maiki mdomoni. "Hapa," akasema, "anagonga-gonga tu."